Sentimita Tatu

Foleni ya mashine ya kuranda pale Keko ilikuwa ndefu. Jovina alisimama katikati ya wanaume, jinzi imejaa vumbi la mbao, kilemba cha njano kichwani.

"Sista, mbao yako futi ngapi?" aliuliza Albano, seremala aliyekuwa nyuma yake.

"Mita mbili na nusu."

"Mita? Mita za vitambaa hizo. Kitanda kinapimwa kwa futi!"

"Baki na futi zako za mkoloni, braza. Sie wa chuo tunapima kwa sentimita."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Albano alicheka kuliko wote.

Kufika Pasaka walikuwa wachumba, banda moja la useremala, vipimo viwili.

"Mpenzi, tepu yako haina akili," Albano alimtania.

"Tepu, au mwenye tepu?"

Mwezi wa saba baba yake Albano, Mzee Kasimiri, alifariki. Alikuwa mrefu, kila mlango aliingia ameinama. Albano alipiga simu kutoka hospitali.

"Jovi... jeneza la baba. Kwa ndani, inchi sabini na saba."

"Pole, mpenzi wangu. Nitalitengeneza mwenyewe."

Tepu yake haikuwa na inchi. Kwa haraka, machozi yakimtoka, alihesabu kila inchi sentimita mbili na nusu, akaiacha ile sehemu ndogo inayozidi. Akakata mbao.

Kesho yake, mbele ya ndugu waliotoka Masasi, mzee hakuenea; jeneza lilipungua sentimita tatu. Ilibidi wamkunje magoti.

"Umemkunja baba yangu!" Albano alifoka. "Wewe na usomi wako! Toka!"

Jovina alipita katikati ya waombolezaji, kanga mdomoni. Siku hiyo alipiga simu mara kumi na moja. Albano hakupokea.

Miezi mitano baadaye hasira ya Albano ilikwisha, ikabaki aibu. Akamfuata Jovina Chanika, alikorudi kwa mama yake.

"Nilikukosea, Jovi. Ulimfanyia baba yangu kwa moyo, mie nikakufukuza kama mwizi. Nisamehe, turudi."

"Nilikusamehe siku ileile. Nilikuwa nataka kukuomba radhi tu. Ungepokea hata simu moja."

"Basi twende."

Jovina akainamisha uso. "Jumapili limesomwa tangazo langu la ndoa kanisani. Na Edgar, mwalimu wa hapa."

"Unampenda?"

"Nitampenda."

Alimsindikiza hadi barabarani, wakapeana mikono kama wageni. Albano alipotokomea, mama alimkuta bintiye amesimama palepale, analia bila sauti. Alimshika mkono, akamrudisha ndani.