Aliyeonja Pilau ya Mwanarusi

Wallahi, haki ya Mungu, hapa hakuna neno la uongo! Nikiongeza hata punje moja ya chumvi, ulimi wangu udondoke nikiwa naongea.

Ruqayya ni mpishi wa harusi hapa Ruiru. Hiyo jioni, jua likizama, alikuwa ameketi jikoni kwake akipanga mapishi yake. Miaka yote alikuwa anayaandika ovyo: nyuma ya kalenda, kwa pakiti za unga, kwa kadi za harusi za watu. Sasa akaamua kuyatundika kwa kamba na vibanio vya nguo. Vyekundu, nyama. Vya buluu, chapati na mahamri.

Kimoja cha kijani kilikuwa tupu.

Hicho kilingoja pilau ya mama mkwe wake, marehemu Mwanarusi wa Thika. Pilau gani hiyo! Akifunua sufuria Thika, mbwa wa Juja wanakata minyororo. Nimeona mzee wa miaka tisini akitupa mkongojo akimbilie sahani. Lakini Mwanarusi hakumfundisha mtu. Alipika mlango umefungwa, akafa nayo.

Na kesho binti wa Mwanarusi, Sumeya, anaolewa.

"Nataka ya Mama," Sumeya alikuwa amempigia simu. "Yako, wifi, ni mchele umepata ajali. Ukishindwa sema mapema, niite mpishi mwingine, Kamene. Na ukoo wote utajua."

Hapo jina la Ruqayya litakuwa limekwisha. Nani tena atamwita kupika?

Ruqayya akabandika sufuria, ajaribu. Kitunguu kikaanza kulia kwa mafuta...

"Hodi."

Mwanamke mzee. Kanga hadi kwa macho. Alinuka karafuu... na udongo wenye umenyeshewa. Na mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima.

"Assalam aleikum, nyanya. Karibu."

Mzee hakuitikia salamu.

"Nilipika na Mwanarusi," akanong'ona. "Fuata nitakavyokuambia."

Akaagiza: kitunguu kiungue hadi kikaribie kuwa makaa. Iliki iingie mwisho. Ruqayya alifuata kama mtu amelala.

"Sasa nionjeshe."

Ruqayya akatafuta kijiko.

"La. Kwa kiganja chako."

Ni kweli, wapishi wa harusi huonja mchuzi kwa kiganja. Lakini kila mtu chake! Ila mgeni mzee akikuomba, utamnyima vipi? Akadondosha mchuzi kiganjani, akanyoosha mkono.

Ulimi ulikuwa baridi. Baridi ya barafu yote ya Mlima Kenya. Na ulikuwa mrefu... ulizunguka kiganja, ukapita kidole gumba, ukapanda mkono...

Ta.

Kibanio kimoja kikafunguka.

Ta... ta... ta...

Makaratasi yote chini! Ni kile cha kijani tu kilibaki kimeuma kamba. Tupu.

"Ongeza chumvi."

Ruqayya akainua macho. Hakuna mtu. Na mlango ulikuwa na komeo, kwa ndani.

Kesho yake watu walilamba sahani hadi maua yake yakafutika. Sumeya akalia, wanja ukamfika kidevuni. "Ni ya Mama! Wallahi ni ya Mama!"

Ruqayya akatia tonge mdomoni.

Hakuna kitu. Ni kama kutafuna karatasi. Akala pilipili nzima. Hakuna. Akauma limau.

"Wifi, limau na maganda yake?" Sumeya akacheka. Halafu akamtazama vizuri. "Mama pia alikuwa hivyo. Hakuwa anasikia ladha ya kitu. Akijifungia jikoni tulikuwa tunamsikia akiuliza, 'Imetosha?' Tulidhani anaongea peke yake."

Ruqayya akakunja kiganja.

Kilikuwa kimelowa.

Siku hizi anaitwa harusi zote, kuanzia Mwiki hadi kule Chania. Anapika mlango umefungwa. Mimi nimepita chini ya dirisha lake jioni, mimi mwenyewe, mtu haogopi hata simba. Nikasikia, "Imetosha?" Halafu kitu kinalamba. Nilikimbia hadi viatu vikabaki nyuma.

Sasa wewe, tafadhali, usimrudie mtu haya maneno. Ruqayya ndiye anapikia harusi ya binti yangu, na nimeshaalika watu elfu kumi. Na ukishindwa kabisa kunyamaza, basi angalau usiyasemee jikoni.