Kuna Mtu Juu?

Jumamosi, saa kumi na moja jioni.

Chumba cha nyuma cha Mwololo pale Kibera hakikuwa na dirisha. Mlango ulikomewa, koroboi ikawashwa, wanaume watatu wakakaa kuzunguka debe lililopinduliwa chini juu. Mwololo ndiye mwenye mpango na mwenye lori. Zadock ndiye mpanda nguzo. Tobias, shemeji yake Zadock, hakuwa na ujuzi wowote. Alikuwa na macho na miguu, basi.

Kazi ilikuwa ya mchana. Usiku, miaka ile ya Hali ya Hatari, hata paka aliogopa kuonekana barabarani. Lakini Jumapili asubuhi, Wazungu wakiwa kanisani, nani atawasumbua wanaume waliovaa makoti ya kampuni ya stima? Makoti Mwololo alishayapata kwa dobi mmoja, na hakutaka kuulizwa zaidi. Wangeteremsha waya wa shaba kwenye nguzo zinazokata bonde kuelekea Lavington. Kufikia saa saba shaba ingekuwa Grogan Road, kwa mnunuzi wa vyuma ambaye naye hakuwa mtu wa maswali.

Zadock alikuwa amefanya kazi na mafundi wa stima kabla ya kufukuzwa. Alichukua kijiko, akakisimamisha juu ya debe. Huu ndio mkono wa swichi, alieleza. Akaulaza.

"Ukiwa chini, waya ni kamba ya kuanikia nguo." Akausimamisha tena. "Ukipandishwa, mimi ni nyama."

Kisha akatoa bodi ya bati kutoka ndani ya gunia. Nyekundu, na fuvu la kichwa, na maneno: HATARI. WATU WAKO KAZINI. Aliondoka nayo siku waliyomfukuza. Mafundi, alisema, wana sheria moja. Aliyetundika bodi ndiye huitoa. Fundi mwingine akija, hagusi kitu mpaka aulize kama kuna mtu juu. Na akijibiwa na mwenye koti kama lake, huamini, kwa sababu kila mmoja wao amewahi kuwa yule aliye juu.

"Sipandi mpaka shemeji asimame kwa swichi," Zadock alisema. Akamgeukia Tobias. "Sikia, shemeji. Mtu akikuuliza kuna mtu juu, sema yuko. Awe fundi, awe polisi, awe gavana mwenyewe. Sema yuko, tufungwe sote. Jela watu hutoka."

Mwololo alicheka. "Huyu bwana hajaiba hata msumari, ameshajifunga."

Tobias alisema amesikia. Hakucheka. Jela aliijua. Mwaka wa hamsini na nne askari walimzoa kwa sababu ya muhuri uliokosekana kwenye kipande chake, kile kitabu cha utambulisho, akakaa kambini miezi minne na ndoo moja kwa watu arobaini. Tangu hapo kulikuwa na kitu ndani yake kilichokufa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Dada yake Nanjala, mke wa Zadock, alizoea kusema: huyu kaka yangu anakula, anaitika, lakini hayuko.

Walipotoka, Mwololo alimvuta Tobias mkono wa shati. Kwa sauti ya chini akamwambia kwamba mambo yakiharibika, kila mtu na miguu yake, asimngoje yeyote.

Tobias aliitikia hilo pia.

Jumapili, saa tatu na nusu.

Nguzo ya swichi ilisimama nyuma ya maduka ya Adams Arcade, imezungushiwa seng'enge watu wasipande. Zadock aliikata seng'enge, akavunja kufuli, akauvuta mkono wa swichi chini. Redio ya Mhindi wa ghorofani ilikuwa ikiimba. Ikanyamaza katikati ya neno.

Akatundika bodi. Akampiga shemeji yake begani.

"Nanjala amesema leo ni kuku. Usinicheleweshe."

Lori likateremka bondeni, likapotea nyuma ya mikaratusi. Tobias akabaki na koti la watu mwilini na bodi juu ya kichwa chake.

Saa nne.

Watu wa kanisa la mapema walianza kupita. Msichana mdogo alinyoosha kidole aguse fuvu lile. Mama yake akamvuta, akamzaba kofi mkononi.

"Usiguse hapo. Mtu yuko juu."

Wakaenda zao. Tobias aliwatazama mpaka wakakata kona.

Saa tano kasoro robo.

Gari ya kampuni ilisimama. Akashuka fundi mzee, Zedekiah kwa jina, kama lilivyoshonwa kifuani mwa koti lake. Koti lilikuwa sawasawa na lile la Tobias. Nyuma yake akashuka askari mmoja, anapiga miayo.

Zedekiah hakuwa na haraka wala hasira. Alisema huko Lavington majiko yamezimika na nyama ya Jumapili imelala mbichi, na mama mmoja amepiga simu mpaka ofisi imekimbia. Kisha akaiona bodi. Mkono wake ukarudi mfukoni wenyewe.

Akauliza nani ametundika. Tobias alisema ameikuta hapo, ametumwa tu kulinda. Na nani? Na ofisi. Askari akanyoosha kiganja, Tobias akatoa kipande chake. Askari akaanza kufunua kurasa, moja moja.

Zedekiah aliangalia bondeni. Nguzo zilishuka, zikaingia kwenye mikaratusi, hazikuonekana tena. Alimsogelea Tobias karibu kabisa.

"Kijana, nakuuliza kikazi. Kuna mtu juu?"

Neno lilikuwa mdomoni. Yuko. Tobias alilihisi juu ya ulimi, gumu kama kokwa. Kidole cha askari kilikuwa kimesimama kwenye ukurasa mmoja. Ikaja harufu ya ile ndoo.

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Mzee aliliangalia lile koti, vifungo vyake, kola yake. Akaridhika. Aliitoa bodi, akampa Tobias kwa mikono miwili, kama mtu anayemrudishia mwenzake kofia yake. Kisha akaushika mkono wa swichi, akaupandisha.

Redio ya ghorofani iliimba nusu ya neno. Bondeni kukasikika mlio mmoja, kama shuka lililokung'utwa. Redio ikakatika. Ndege wakaruka kutoka kwenye mikaratusi wote kwa pamoja.

Zedekiah hakugeuka upesi. Mpaka injini ya lori ilipoanza kunguruma kule chini, ikipanda upande wa pili, ikienda. Ndipo akamtazama Tobias.

"Ulisema hakuna."

Akauvuta tena mkono wa swichi chini, akakimbia. Mzee yule, na magoti yake, akakimbia bondeni akiita jina la Mungu. Askari akamfuata, kipande cha Tobias bado kiko mkononi mwake.

Hakuna aliyemshika Tobias. Alisimama kidogo. Alingoja asikie kitu ndani yake. Hakusikia kitu. Akaweka bodi kwapani, akatembea.

Saa saba.

Kibera ilinuka chakula cha Jumapili. Njiani Tobias alikuwa amefikiri jambo moja tu: kipande kina jina lake, alama ya kidole chake na jina la mwenye nyumba. Watafika kabla ya jioni. Jela, basi. Ile ile aliyoikimbia.

Nanjala alikuwa ameshapakua. Alimwambia anawe, kuku anapoa. Akachungulia nyuma yake mlangoni kumtafuta mumewe, akaona uchochoro mtupu.

"Baba Selpher yuko wapi?"

Tobias aliweka bodi juu ya meza, fuvu likitazama dari.

"Yuko juu," alisema.

Nanjala alingoja amalizie. Alipoona hamalizii, alichukua sahani ya mumewe, akaifunika kwa sahani nyingine isipoe, akaketi kumngoja.