Nguvu za Kununua kwa Sindano

Kule Subukia, ndugu zangu, Kiprugut alikuwa akikamua ng'ombe wake huku anaimba, na mkewe Chepkorir akichuja maziwa na kumcheka mumewe kwa kuimba vibaya. Nyumba ilikuwa na amani. Walichokosa ni mtoto tu, na ndoa ilikuwa bado changa.

Kisha timu ya kuvuta kamba ya chama chao cha ushirika cha maziwa ikaburutwa na watu wa Gilgil mbele ya umati. Kiprugut ndiye aliyeshika mwisho wa kamba, nafasi ya mwenye nguvu kuliko wote. Aliona haya mpaka akawa anakwepa sokoni. Siku moja alipokwenda Nakuru, Mwaura, kijana wa jimu ya kunyanyua vyuma, akamnong'oneza: "Boss, hizi ni homoni za kiume. Jidunge tu kila wiki, utavuta hata trekta."

Akajidunga. Mabega yakajaa, mashati yakambana, na mwaka uliofuata Gilgil wakaburutwa wao. Lakini nyumbani aligeuka mkali, na mtoto hakuja. Mama yake akaanza kumwangalia Chepkorir kwa jicho baya na kumletea dawa za miti, chungu ajabu. Kiprugut hakumtetea mkewe. Aliamini mwili kama wake hauna kasoro. Jamani, upumbavu huu tunaujua: mke anapelekwa kupimwa, mume anabaki nyumbani akitunisha misuli!

Chepkorir alipimwa, akakutwa mzima.

"Sasa ni zamu yako," alimwambia mumewe. "Mimi nimechoka kunywa miti."

Kiprugut alipopimwa, hakukutwa na mbegu ya kiume hata moja. Daktari Wariara akamuuliza kama amewahi kujidunga chochote, naye akakiri.

"Homoni hiyo huingia ndani ya seli ya msuli," daktari alieleza. "Inashikana na kipokezi chake, kisha vinaingia pamoja kwenye kiini na kuamsha jeni, ili protini za msuli zijengwe kwa wingi. Ndiyo maana umejaa hivyo. Lakini ubongo ukiona homoni imezidi kwenye damu, unaacha kuzituma korodani kazi. Zako zimelala."

"Zitaamka, daktari?"

"Za wengi huamka wakiacha sindano. Itachukua miezi, na utajisikia mnyonge. Usikose kliniki."

Jioni hiyo Kiprugut alienda moja kwa moja kwa mama yake. "Mama, wacha kumpea Chepkorir hizo dawa. Shida ni mimi. Nilijiharibu mwenyewe."

Mama alilia, kisha akaenda kumwomba Chepkorir msamaha.

Kiprugut aliacha sindano, na misuli ikapungua. Akamwachia mwingine mwisho wa kamba, Gilgil wakashinda tena, na safari hii Kiprugut hakukwepa sokoni. Mvua za masika zilipoanza, Chepkorir alimfuata zizini.

"Kipimo kimesema niko na mimba," alisema.

Kiprugut alilia mbele ya ng'ombe wake, bila haya yoyote.

Funzo

Homoni si mbolea ya kujimwagia. Itumike kwa amri ya daktari pekee. Na ndoa ikikawia kupata mtoto, wapimwe wote wawili. Mwanamume, tangulia wewe.