Dua Isiyokosea

Kitu cha kwanza Sharifa alichokiona kwa yule mama ni miguu. Ilikuwa safi. Mjini Same mwezi wa kumi, mvua haijulikani iliko, hata ukishushwa na bodaboda mlangoni mwa wodi utaingia na vumbi hadi magotini. Yeye aliingia na ndala nyeupe zisizo na doa, mikono mitupu, bila hotipoti wala chupa ya uji. Na alinukia udongo uliotoka kumwagiwa maji.

Sharifa hakulitilia maanani. Ilikuwa siku yake ya nne kando ya kitanda cha Kurwa, mwanawe wa miaka sita, ambaye malaria ilimpanda kichwani akanyamaza, macho nusu wazi. Pacha wake, Doto, alibaki kijijini Kihurio na baba yao Abdulrahmani, akifukuza ndege kwenye mpunga na kudai kila jioni apewe simu aongee na mwenzake. Mama mwenye mzigo huo hana muda wa kuchunguza ndala za watu.

Saa kumi ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, na katika wodi ile ya watoto ilikuwa pia saa ya dua. Shekhe akija aliomba, wainjilisti wakija waliomba, na wodi nzima iliitikia Amina bila kuuliza dua ni ya nani. Ndivyo walivyolelewa, mtu akikuombea mgonjwa, kukaa kimya ni utovu wa adabu. Basi yule mama alipokiinamia kitanda cha Parsimei, mtoto wa Naisiae, mfugaji wa Kimasai wa tambarare, akaanza kunong'ona kwa lugha nzito ya kooni, wote walingoja amalize, wakaitikia. Sharifa aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Asubuhi Parsimei, ambaye daktari alikuwa ameshamkatia tamaa, aliketi akaomba maziwa. Naisiae alicheka mpaka akatoa machozi. Alipofunga mizigo alimshika Sharifa mkono.

"Dua yenu ya Kiarabu ina nguvu, mama Kurwa."

Hajafika getini simu ikaita. Mdogo wake Parsimei, aliyeamka mzima, alikuwa ameanguka zizini katikati ya ndama, na hakuinuka tena.

Wodi ilisikitika na kusema ni mipango ya Mungu. Siku hiyo saa kumi yule mama akamwombea mjukuu wa Bibi Tumainieli, mwanamke wa Kipare kutoka milimani. Wakaitikia. Kulipokucha mjukuu akaomba ndizi, na kabla ya saa nne habari ikashuka kutoka mlimani kwamba dada yake amekutwa amelala kitandani, amepoa.

Nesi Hezroni alikuja kubadilisha dripu ya Kurwa.

"Miaka kumi na moja nimeona watoto wakiombewa humu, mama," alinong'ona. "Wengine wanapona, wengine tunawafunika. Nimeacha kujiuliza kwa nini. Lakini huyu hakosei. Mara mbili nimemfuata mpaka mlangoni, na nje hayupo."

Sharifa alimwendea Bibi Tumainieli, aliyekuwa amekaa chini akikunja khanga, akingoja kuchukuliwa.

"Shikamoo bibi. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa."

"Bibi, yule mama alisema nini jana? Kipare changu mimi ni cha sokoni tu."

Bibi akainua uso. "Kipare? Pale hapakuwa na neno la Kipare hata moja. Mimi nilijua ni Kimasai."

Sharifa akaketi sakafuni kando yake. Naisiae alidhani ni Kiarabu. Yeye Sharifa alikaa madrasa miaka minane na hakusikia pale neno moja alilolijua. Kila mmoja alimwachia mwenzake lugha ile, na kwa adabu zao wote wakaitikia jambo ambalo hakuna aliyejua linaomba nini. Na yeye ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa zaidi.

Akampigia Abdulrahmani. "Mshike Doto mkono. Usimwachie, nakuomba. Usiulize!"

"Nimemshika," alisema Abdulrahmani, ameshaogopa. "Huyu hapa, anacheka."

Saa kumi kasorobo Hezroni alifunga mlango wa wodi kwa funguo. Sharifa alisimama akikitazama kitasa, akashusha pumzi, na alipogeuka, harufu ya udongo mbichi ilikuwa imeshatanda kitandani kwa Kurwa, na zile ndala nyeupe zilikuwa zimesimama upande wa pili.

"Hapana, mama," alisema. "Huyu usimwombee."

"Humtaki?" yule mama aliuliza kwa Kiswahili kizuri, kwa upole.

Na hapo Sharifa aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, kwa sababu kifua cha Kurwa kilikuwa kikipanda kwa taabu na kukawia kushuka, na sehemu moja ya moyo wake, aliyoionea aibu, ilitaka kusema namtaka, mwombee, mwombee upesi, akauziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili, na yule mama akainama akaanza kunong'ona, na vile vitanda vya chuma vikaanza kutetema kimoja baada ya kingine mpaka ukutani, na dua ilipokwisha Sharifa aliachia mdomo akapiga kelele, "Msiitikie! Msiitikie jamani!" na wodi nzima ikanyamaza, akina mama wakiwakumbatia watoto wao, hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Yule mama alingoja. Hakuwa na haraka.

Kisha kutoka kwenye mto, kwa midomo iliyokauka, sauti ndogo iliyofundishwa adabu na mama yake ikasema, "Amina."

Alikuwa Kurwa.

Sharifa alipoinua macho hapakuwa na mtu. Hezroni alikuwa bado ameegemea mlango, funguo mkononi. Kurwa akajiinua, akaketi, mashavu yakirudiwa na rangi.

"Mama, nina njaa."

Sharifa akamkumbatia akalia kwa furaha. Ilikuwa furaha ya kweli, na hatajisamehe kwa hiyo. Akamimina uji, akamlisha kijiko cha kwanza. Simu ikaanza kuita dirishani, jina la Abdulrahmani likiwaka, likizimika, likiwaka tena.

"Pokea, mama," alisema Kurwa. "Ni baba."

"Kula kwanza, mwanangu," alisema Sharifa, akachota kijiko kingine polepole, kwa maana kabla hajaipokea simu ile bado alikuwa mama wa mapacha.