Nyanya wa Mtungini

Wazazi wenzangu, wa hapa Laare na wa kule mnakotoka, nipeni masikio yenu kidogo. Nataka kuwasimulia habari za mtu ambaye hakuwa mlevi, hakumpiga mkewe, na hata kanisani alionekana Jumapili tatu kati ya nne. Ugonjwa wake ulikuwa ujuaji, na ujuaji haunuki mdomoni kama pombe. Ndiyo maana sote tulikaa naye miezi mingi tukimpigia makofi.

Jina lake Runji. Mwaka huo wa 1997 alikuwa akifunga miraa kwa mnunuzi mmoja sokoni, na kwa kazi hiyo sina la kumlaumu. Alfajiri alikuwa ameshafika kwenye kibanda, vidole vikikimbia, kitita juu ya kitita, jani la mgomba likizungushwa na kukazwa ili miraa isinyauke kabla ya kufika Nairobi. Magari yakishaondoka, siku yake ya kazi ilikuwa imekwisha, na jua bado liko juu.

Nyumbani alikuwa na mkewe Kagure, msichana wa Embu aliyekuja kwetu akaizoea baridi, na binti yao wa miaka minane, Mukiri. Kama ilivyo desturi, binti huyo wa kwanza alipewa jina la mama wa baba yake. Nyanya mwenyewe, Mukiri mkubwa, aliishi katika nyumba yake ndogo ng'ambo ya migomba. Magoti yalikuwa yamemchoka, lakini ulimi ulikuwa mzima kabisa. Kila adhuhuri mtoto alivuka migomba na kibuyu cha uji, akajaza maji kwenye mtungi mkubwa wa udongo uliokaa kona ya nyumba, kisha akachota kikombe kimoja na kumpa nyanya mkononi.

"Nani huyo ameingia?" nyanya aliuliza, ingawa alimwona vizuri.

"Ni Mukiri."

"Mukiri ni mimi! Sasa nani amemletea nani uji?"

Hapo walicheka wote wawili. Walikuwa wameucheka mzaha huo tangu mtoto alipoanza kutembea, na haukuwahi kuchacha.

Sasa sikieni jinsi shari ilivyoingia. Upande wa Kiirua walikuja wahandisi Wakorea kuchimba visima. Walipomaliza na kurudi kwao, walimwachia mpishi wao, Muchangi, televisheni, mashine ya video na katoni nzima ya kanda za kwao, nyingine zikiwa bado mpya. Muchangi alikuja Laare, akapanga chumba cha mabati, akawasha jenereta, akafungua ukumbi wa video. Tulijaa siku ya kwanza kama siagi kwenye chupa. Halafu picha ikaanza, na wote wakawa wanasema Kikorea.

Dakika kumi tu, watu wakaanza kupiga mabati.

"Muchangi, hii ni nini unatuonyesha? Wanasema nini hawa?" alipaza sauti Riungu, jirani yake Runji. "Rudisha pesa zetu, bwana!"

Hapo ndipo Runji aliposimama. Alikuwa amefanya kibarua cha kubeba mabomba kule kambini kwa Wakorea, miezi miwili, na kila mtu alilijua hilo. Alijinyoosha, akakohoa kidogo.

"Tulieni. Mimi hiyo lugha naielewa. Huyo kijana anamwambia baba yake hataki kuoa msichana aliyechaguliwa."

Watu wakaacha kupiga mabati. Na kweli, pale kwenye picha kijana alikuwa amekasirika na mzee amekasirika zaidi. Runji aliendelea hadi mwisho, na wakati wa kutoka watu walimshika mkono kama bwana harusi. Tangu siku hiyo tukamwita Mkorea.

Msiniulize alijua maneno mangapi. Nitawaambia mbele kidogo.

Runji alizipenda zile filamu kwa moyo wake wote. Asubuhi, mikono ikifunga miraa, mdomo ulikuwa ukichambua. Alikuwa na maoni kuhusu kila kanda, na mengine, kusema haki, yalikuwa na akili.

"Filamu za kutisha za Mmarekani ni za mtu mvivu," aliwaambia wenzake. "Yeye anamwaga damu, basi. Mkorea hana haja na damu. Anakuonyesha mlango umefungwa. Tu. Halafu anakuonyesha tena huo mlango. Mara ya tatu wewe mwenyewe unaomba ubaki hivyo hivyo umefungwa."

"Na katuni zao?" Riungu alimuuliza.

"Katuni ni kazi ya watu wamekosa waigizaji wakachukua kalamu. Ile ya chui na sungura nimeiona. Rangi ni nzuri, siwezi kukataa. Lakini chui mzima analia machozi? Hiyo ni ya watoto wa nasari."

Hakuwaambia kwamba chui yule alipolia, yeye pia alijifuta macho gizani. Mjuaji ana hasara hiyo: akishatoa maoni mbele ya watu, hawezi tena kurudi nyuma kuyatengeneza.

Likizo ya Agosti ilipofika, Mukiri alimsihi baba yake ampeleke aone katuni ya chui. Kagure hakupendezwa.

"Baba Mukiri, huko ndani kuna watu wazima. Hakikisha ni hiyo katuni."

"Kwani mimi ni mgeni huko? Mimi ndiye ninawaambia waanze."

Jumamosi saa nane mchana walikaa benchi ya mbele, mtoto ameshika mkono wa baba yake. Katuni ikawekwa. Lakini haikupita muda wanaume wa nyuma wakaanza kulalamika kwamba hawakuja kuangalia sungura, wanataka ile ya kutisha. Muchangi alimtazama Runji. Runji alimtazama binti yake, kisha akageuka kuwatazama wale wanaume waliokuwa wakimwita, "Mkorea! Mkorea!" Sifa ni tamu, jamani. Akatikisa kichwa kukubali.

"Kaa tu hapa na mimi," alimwambia mtoto. "Ni picha tu."

Filamu yenyewe ilikuwa ya bikizee aliyevaa nyeupe, nywele zimeachwa hadi kiunoni. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mitungi mikubwa ya udongo, ile ambayo Wakorea huhifadhia vyakula vyao. Bikizee alionekana akifa. Kisha kifuniko cha mtungi mmoja kikasogea polepole, na uso wake ukatokea humo ndani, midomo ikisema maneno. Msichana mdogo alikuwa amesimama karibu, kibuyu mkononi.

"Anasema nini?" ukumbi mzima ulinong'ona. "Mkorea, anasema nini?"

Runji alijua kuwa hapo panahitaji neno zito. Alifikiria haraka ni kitu gani kitawashika hawa watu, watu wa Meru, kila mmoja wao amebeba jina la babu au nyanya. Akalipata.

"Anasema hivi: 'Mjukuu wangu, hilo jina unaloitwa ni langu. Nilikuazima tu. Sasa nimekuja kulichukua, pamoja na wewe uliye nalo.'"

Watu wazima walishikana mabega. Mzee mmoja alitoka nje kabisa. Runji akaona hajawahi kutafsiri vizuri namna hiyo, na kwa furaha yake hakuhisi kwamba ule mkono mdogo ulikuwa umeuachia mkono wake.

Kuanzia kesho yake Mukiri hakufika tena kwa nyanya. Alikwenda na kibuyu hadi kwenye migomba, akakiweka juu ya jiwe, akakimbia kurudi. Mbuzi na kuku wakawa ndio wanaokula uji. Mama yake alipomwita, hakuitika.

"Mukiri! Wewe Mukiri, huskii?"

"Mimi sitaki hilo jina. Niiteni Veronicah."

Veronicah lilikuwa jina lake la ubatizo. Kagure alidhani ni majivuno ya shule, akamwacha. Runji alicheka, akasema watoto wa siku hizi wanapenda Uzungu. Ng'ambo ya migomba nyanya alikaa mlangoni akiita, "Mukiri! Wajina wangu! Leo hukuja?" na mtoto, aliposikia sauti hiyo, aliziba masikio kwa mikono yote miwili.

Nyanya hakulalamika. Wazee wetu wana kiburi chao. Mzee akiona amesahauliwa, hataombaomba. Alikula kile kidogo Kagure alichomletea jioni, na alipoulizwa kuhusu uji wa mchana alijibu, "Umenitosha." Siku ya kumi mtungi ulikuwa umekauka kabisa. Akachukua jerikeni ndogo na fimbo yake, akashuka mwenyewe hadi kwenye bomba la barabarani.

Riungu ndiye aliyemkuta kwenye mteremko, amelala kwa ubavu, jerikeni imebingirika mtaroni. Mkono wa kulia ulikuwa umevunjika. Alipomwinua, mzee alimuuliza jambo moja tu.

"Riungu, wewe ni mtu wa kusema ukweli. Nimemkosea nini yule mtoto?"

Walimpeleka hospitali mjini Meru, akafungwa plasta, akalazwa wiki moja. Kagure alirudi nyumbani amechoka na ana hasira, akamketisha binti yake jikoni, na safari hii hakukubali majibu ya nusu nusu. Mtoto alilia kwanza. Halafu akasema yote: mtungi, bikizee, jina la kuazimwa.

"Nikienda atatoka kwenye mtungi anichukue. Baba alisema. Baba alisikia yeye mwenyewe akisema."

Kagure alimsubiri mumewe mlangoni. Hakupiga kelele. Alimweleza neno kwa neno, na Runji akakaa kwenye kiti cha watoto. Sijui kama kuna uchungu kushinda ule wa kusikia uongo wako ukitoka kinywani mwa mtoto wako, tena ameuhifadhi sawasawa, bila kukosea hata nukta.

Akamwita binti yake.

"Mama, sikia. Yale maneno niliyatunga tu. Yule bikizee hakusema hivyo."

Mtoto alimtazama kwa huruma, kama mtu anayedanganywa kwa nia njema.

"Unasema hivyo nisiogope. Wewe unajua Kikorea. Watu wote wanasema."

Mnaona mtego ulivyomfunga? Alikuwa ameijenga nyumba ya sifa kwa ustadi hata mwanawe akakataa kutoka ndani yake. Palikuwa na njia moja tu ya kumtoa, nayo ilipita mbele ya watu wale wale.

Jumamosi iliyofuata ukumbi ulikuwa umejaa. Runji aliingia na binti yake, hakuketi. Alimwomba Muchangi azime mashine. Mimi niliyekuwa benchi ya tatu niliona mikono yake ikitafuta mahali pa kujificha.

"Watu wetu," alisema, "mimi sijui Kikorea. Najua maneno mawili. Moja ni la kusalimia. La pili ni 'pali pali', wakitaka tubebe mabomba mbio. Hayo mengine yote nimekuwa nikiyatoa kichwani."

Watu wakatazamana. Halafu mtu akacheka, halafu wakacheka wote, na wengine hawakucheka.

"Kwa hivyo yule kijana hakukataa kuoa?" Riungu aliuliza. "Na mimi nimegombana na mke wangu juu ya hiyo mambo!"

"Mwongo wewe!" sauti nyingine ikatoka nyuma. Muchangi alikuwa ameshika kichwa, anaona biashara ikienda. Runji aliyapokea yote akiwa amesimama. Kisha mtoto akamvuta shati, na ukumbi ukatulia kumsikiliza.

"Baba, sasa yule nyanya alikuwa anasema nini?"

"Sijui, mama."

"Hujui hata kidogo?"

"Hata kidogo. Pengine alikuwa na kiu. Pengine alikuwa anaomba maji tu."

Mukiri alifikiri. Uso wake ulibadilika polepole, na alipouliza tena, sauti ilikuwa ndogo.

"Na nyanya yangu? Nani anampatia maji?"

Hakuna aliyecheka tena. Runji alimbeba binti yake, mkubwa vile, wakatoka.

Nyanya alirudi Jumanne, mkono wenye plasta umening'inizwa shingoni. Alimkuta mjukuu wake ameshika fremu ya mlango, hajui aingie au akimbie. Runji alikuwa ameshamweleza mama yake kila kitu kule hospitalini, akiwa amepiga magoti. Mzee alimwita mtoto karibu, akamwambia maneno ambayo Kagure aliyasikia na kunisimulia baadaye.

"Mimi ni mgonjwa wa mkono, si mwizi wa majina. Jina sikukuazima, nilikupa. Nitakapokwenda nitakuachia, wewe ndiye utanifanya niendelee kuitwa hapa. Sasa mzee kama mimi atamchukua vipi mtu anayemshikilia asipotee?"

Mtoto akamkumbatia kwa upande ule usio na plasta, na akalia hadi akalala mapajani pake mchana kweupe. Kulipokucha, kila aliyepita njia ile alimsikia Kagure akiita "Mukiri!" na mtoto akiitika mara ya kwanza.

Runji bado anafunga miraa, na filamu anazipenda vilevile. Ukumbi haukufungwa, Jumamosi mchana Muchangi huwawekea watoto katuni, na wao wenyewe humwambia Runji kinachoendelea. Juzi nilimuuliza maoni yake kuhusu chui anayelia. Akaniambia ni filamu nzuri kuliko zote katika katoni ile, na kwamba alilijua hilo tangu mwanzo.

FUNZO

Wazazi, debe tupu haliachi kuvuma, na sisi tunaolipigia makofi tuna sehemu yetu ya lawama. Kila tulipomwita Runji Mkorea tulimpa sababu ya kudanganya tena. Mtu akikueleza jambo kwa hakika nyingi mno, muulize amelijuaje. Kuuliza si ujinga.

Pili, picha ya watu wazima si ya mtoto, hata kama umemkalisha karibu nawe. Mkono wako hauzuii macho yake.

Na tatu, hili ndilo ninalotaka mwende nalo nyumbani: mtoto hasikilizi maneno yako jinsi rafiki zako wanavyoyasikiliza. Wao wanacheka na kwenda zao. Yeye anakwenda nayo kulala, na kesho ataishi kwa hayo. Nyanya mmoja alivunjika mkono akijitafutia maji kwa sababu baba mmoja aliona aibu kusema hajui.