Mtutu Uliovuliwa Rangi

Jumamosi, saa moja na robo asubuhi, Darlene Pruitt alimkuta baba yake, Virgil Stroud, amelala chali katika karakana iliyo nyuma ya nyumba, kisogo kimepasuka kwenye kona ya jiliwa, kile chuma cha kubania kazi mezani. Juu ya meza ilikuwapo bunduki ya marisau ambayo Virgil aliirithi kwa baba yake. Kitako kilikuwa kimepigwa msasa nusu. Mtutu ulikuwa umevuliwa rangi yake nyeusi na kusafishwa kwa spiriti hadi ukang'aa, tayari kutiwa rangi mpya. Maiti ilikuwa ingali imevaa glavu za pamba.

Mpelelezi Norma Teague hakuweza kutulia. Alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Mtutu ulipopakwa unga wa kutafutia alama za vidole, haukuonyesha hata moja; aliyeushika alikuwa ameupangusa. Aliufunga katika karatasi, akaupeleka ofisini. Huko sherifu alikuwa keshamweka ndani Wade, mume wa Darlene, kwa sababu majirani walimsikia Ijumaa akigombana na mkwewe.

"Mligombania nini?" Norma alimwuliza Wade.

"Kitako, mama. Babu alikuwa akichonga mkato kwa kila batamzinga mwitu aliyemwangusha. Mzee akaanza kuisawazisha mikato yote. Nikamwambia, unafuta kaburi la baba yako. Akaniambia nikapige msasa ulimi wangu."

"Nani mwingine angeumia kwa hilo?"

"Emmett, mdogo wake mzee. Lakini yule na bunduki wapi na wapi? Kambini tukienda kuwinda tunampa sufuria. Akishika bunduki ya mtu, mwenyewe halali kabla ya kuipaka mafuta."

Emmett Stroud, mgane aliyeishi ng'ambo ya barabara, alimpokea Norma barazani, mikono mifukoni.

"Karakanani sijaingia tangu msimu wa kulungu," alisema. "Wade mmemchukua, nimeona. Kijana ana hasira."

"Una uhakika ni yeye?"

"Kazi ya uhakika ni yako, binti."

Norma alilala vibaya. Jumapili asubuhi ofisini, kabla ya kuvua koti, aliifungua ile karatasi. Juu ya chuma kilichokuwa safi jana, vidole vinne na kiganja vilikuwa vimejichora kwa kutu.

Aliwakutanisha Emmett na Darlene jikoni kwa Darlene, akauweka mtutu mezani.

"Virgil alivaa glavu," alisema. "Wade ameshikilia nondo za chuma kitupu za selo yake tangu jana mchana, nazo hazina doa. Wewe, Mzee Emmett, toa mikono mifukoni."

Emmett hakuitoa. "Niliupangusa," alisema polepole.

"Ulipangusa alama. Chumvi ya jasho lako ilibaki, na chuma hakikuwa na rangi wala mafuta ya kukikinga."

Emmett alivuta kiti, akaketi.

"Baba alimwachia Virgil bunduki kwa sababu ya mikono hii, inayotia kutu kila chuma. Utotoni, nikiisogelea tu, nachapwa. Ijumaa nikaona taa, nikaingia, nikakuta mikato ya baba imekuwa vumbi sakafuni. Nikaishika bunduki kwa mtutu. Virgil akasema, 'Iachie, unaiharibu.' Akasema hivyo yeye, msasa uko mkononi mwake. Nikavuta, akavuta. Kisha nikaiachia, kama alivyotaka."

"Akaanguka."

"Akaanguka."

"Hilo hakimu atalipima," Norma alisema. "Lakini jana ulisimama barazani ukamtazama Wade akipakiwa garini, ukanyamaza. Hapo hapakuwa na hasira wala giza. Ulichagua."

Norma akapiga simu kituoni, akaamuru Wade afunguliwe, kisha akamwashiria mzee asimame.

Darlene alikuwa ameegemea sinki, macho mekundu. "Baba mdogo, ungeniomba mimi. Baba angekufa kifo chake, ningekupa bunduki hiyo."

"Najua, mwanangu," Emmett alisema. "Si wewe niliyetaka anipe. Ni baba yangu."