Mzee Chapa Amenyamaza

Kila Jumamosi asubuhi, Bibi alikuwa na kazi moja asiyomwachia mtu. Alifuta vumbi kwenye kompyuta ya sebuleni, kisha akaiwasha. Bibi alikuwa mkunga mstaafu. Mikono yake ilipokea nusu ya watoto wa mtaa ule, lakini kompyuta aliigusa kwa woga, kama kikombe cha kuazima.

Ilikuwa ya marehemu mumewe. Watu walimwita Mzee Chapa, kwa sababu aliwachapia majirani barua. Miaka ile sebule haikukauka watu. Huyu anaomba kazi, yule anamwomba radhi mkwewe. Wageni wakiondoka, Mzee aliwasimulia wajukuu hadithi, na sauti yake akairekodi kwenye kompyuta hiyo hiyo.

Mzee alikwenda zake. Sauti ilibaki, na kila Jumamosi Bibi aliisikiliza.

Jumamosi moja umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi kwa nguvu. Bibi alibonyeza kitufe. Kimya. Palikuwa na harufu ya kitu kilichoungua.

Alimwita binti yake, fundi cherehani.

"Mwanangu, baba yako amenyamaza."

Kaka mtu, dereva wa lori, alikuwa amekuja kusalimia. Aliitazama kompyuta akatikisa kichwa.

"Mama, hii imekula chumvi nyingi. Tuitupe. Nitakununulia simu kubwa."

Bibi alikaa tu, mkono juu ya meza. Kaka akaona amekosea. Akachukua bisibisi.

"Basi ngoja niifungue."

"Weka chini, kaka," dada yake alisema. "Wewe unajua injini. Nitamwita Mama Pacha."

Mama Pacha, jirani yao, alitengeneza kompyuta za chuo. Alimwamkia Bibi, kisha akaanza na mambo madogo. Alichomeka taa ya meza kwenye soketi. Ikawaka.

"Soketi ni nzima," alisema.

Akaleta waya mwingine kutoka kwake. Kompyuta bado kimya. Hapo akachomoa waya, akafungua ubavu wa kompyuta, akawaonyesha kisanduku cha chuma chenye feni.

"Hii ndiyo pawa saplai. Umeme wa ukutani ni mkali mno kwa kompyuta. Kisanduku hiki huupunguza na kuugawa, kama mama anavyopakua chakula, kila mtoto kiasi chake. Nuseni. Ndicho kilichoungua."

"Si tukifungue tukitengeneze?" Kaka aliuliza.

"Hapana. Hata ukichomoa waya, humu ndani hubaki umeme. Unaweza kukuua. Hakifunguliwi, hubadilishwa chote."

Bibi akauliza polepole, "Na mzee? Naye kaungua?"

Mama Pacha hakucheka. "Sauti yake iko kwenye diski, Bibi, si humu. Mara nyingi diski husalimika. Lakini siwezi kuapa mpaka tuwashe."

Alimwandikia Kaka karatasi ya kununulia pawa saplai mpya. "Usichukue yoyote mradi inaingia. Plagi zifanane, na wati zisipungue zile za zamani."

Kaka alizunguka maduka siku nzima. Kesho yake Mama Pacha alifunga pawa saplai mpya, akapuliza vumbi, akachomeka waya. Bibi akabonyeza.

Feni ikazunguka. Kioo kikawaka, Bibi akafungua hadithi ya kwanza. Kisha Mzee akakohoa, kama alivyokohoa siku zote kabla ya hadithi, akasema, "Haya, kaeni vizuri. Nani amekalia miwani yangu?"

Fundi cherehani alicheka huku machozi yanamtoka. Bibi alifumba macho. Kwa muda sebule ilikuwa ile ya zamani, imejaa watu.

"Sasa tusimwache mzee mahali pamoja," Mama Pacha alisema. Alinakili sauti zote kwenye flashi mbili. Akaweka pia kifaa cha kuzuia umeme unaopanda ghafla. "Hata hivyo, umeme ukianza kukatika-katika, zimeni na mchomoe."

Tangu siku hiyo, mawingu yakitanda tu, Bibi huchomoa waya mwenyewe. Hamngoji mtu.

Flashi moja ilikwenda na Kaka kwenye lori. Siku moja alipiga simu akiwa amesimama njiani, safari ndefu.

"Mama, nimekuwa nikimsikiliza Baba tangu asubuhi."

"Anasemaje?"

"Anawagombeza watoto. 'Punguzeni mbio, mtafika tu.'" Kaka akacheka. "Nami nimepunguza."